Karanga Isiyoonekana: Namna ya Kumlinda Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula Nyumbani, Shuleni na Ugenini

Binti yangu alikuwa na miezi tisa nilipomlisha uji wa lishe kwa mara ya pili. Bakuli halijafika nusu, midomo yake ilivimba, akaanza kujikuna masikio, na ngozi ya shingo na mgongo ikaumuka mabaka ambayo, kwa weusi wa ngozi yake, macho yangu hayakuyaona upesi. Niliyagundua kwa kiganja nilipomnyanyua. Jirani mwenye nia njema alikuja mbio na kikombe cha maziwa ya kukata sumu. Siku hiyo uvimbe ulishuka wenyewe, nami nikajiambia kuwa ni joto. Miaka miwili baadaye kipande cha kashata kisichozidi ukucha wa kidole gumba kilimfanya atapike, sauti ikamkauka, akalegea mikononi mwangu, na kilichomrudisha ni sindano ya adrenalini aliyochomwa pajani katika zahanati iliyokuwa mitaa mitatu kutoka kwetu.

Miongozo mingi niliyoisoma baada ya hapo iliandikwa kwa ajili ya nchi ambako chakula hununuliwa ndani ya pakiti yenye maelezo, na ushauri wake mkuu ni kwamba mzazi asome pakiti. Kwetu Dar es Salaam, kama ilivyo Tanga, Mombasa au Unguja, karanga mara nyingi haionekani kama karanga: ni unga ndani ya uji, ni rojo ndani ya kisamvu na mchicha, ni kitu kilichopondwa na kuchanganywa na mtu ambaye huenda humjui. Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi wa huku ni kujua chakula kimepita kwenye vyombo gani na mikononi mwa nani, kisha kuzungumza na watu hao kwa adabu na kwa uwazi. Ninaeleza hapa jinsi ya kuifanya kazi hiyo, nikitumia karanga kama mfano kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu kwa uchungu. Mzazi wa mtoto anayedhurika na mayai, maziwa, samaki, kamba, korosho, ufuta, soya au ngano atafuata njia ileile.

Kuhakikisha kwanza kwamba ni mzio

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula fulani kuwa adui, ikamwaga histamini na kemikali nyingine zinazovimbisha ngozi, kubana njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu. Dalili huanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazichelewi zaidi ya saa mbili tangu mtoto ale. Hali hii ni tofauti na tumbo kujaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa, jambo linalowapata watu wengi wa kwetu kwa sababu miili yao haimeng'enyi vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa. Hilo husumbua, lakini halimzuii mtu kupumua.

Ukiwa na shaka, andika mtoto alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuwa ipi na ilichukua muda gani, na upige picha ya mabaka kabla hayajatoweka. Karatasi hiyo na picha hiyo zitamsaidia daktari wa watoto kuliko maelezo marefu ya mdomo. Kipimo cha ngozi, ambacho huwekwa tone la chakula mkononi na ngozi ikachomwa kidogo, au kipimo cha damu, husomwa pamoja na historia hiyo, kwa maana wapo watoto ambao kipimo chao huonyesha mzio wa chakula wanachokila kila siku bila tatizo lolote. Usijaribu kupima mwenyewe nyumbani kwa kumwonjesha kidogo, na usimruhusu mtu mwingine afanye hivyo.

Vilevile usimwondolee mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga vyote kwa pamoja kwa kuogopa tu. Nimewaona watoto waliodhoofika kwa sababu ya katazo ambalo hakuna daktari aliyelitoa. Ikiwa maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayomdhuru, usikimbilie maziwa ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana sana na watoto wengi wanaodhurika na hayo hudhurika na haya pia.

Wala mzio wa mtoto mmoja usiwe sababu ya kuwaficha karanga wadogo zake. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio, ambao walianza utafiti wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11. Miongoni mwa wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha mzio mwanzoni, waliolishwa karanga mara kwa mara walikutwa na mzio huo kwa asilimia 1.9 walipofika miaka mitano, na waliokatazwa wakakutwa nao kwa asilimia 13.7. Desturi ya bibi zetu ya kutia karanga kwenye uji wa mtoto mchanga, kwa hiyo, haina kosa kwa mtoto ambaye hajapata mzio. Mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, au ambaye tayari mayai yanamdhuru, aonwe na daktari kwanza. Na karanga nzima asipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano, kwa maana humkaba. Mwanangu wa pili hulishwa karanga iliyosagwa kwa bibi yake, mtaa wa pili, mara kadhaa kwa juma, na hunawishwa mikono na uso kwa sabuni na kubadilishwa nguo kabla ya kurudishwa nyumbani kwa dada yake.

Mashine, kinu na mwiko

Unga wa lishe wa kawaida huchanganya mahindi au mchele, ulezi, mtama, soya na karanga, kila familia kwa vipimo vyake, na mara nyingi husagwa kwenye mashine ileile inayosaga unga wa ugali. Asubuhi moja niliomba kukaa kwenye mashine ya mtaa wetu ili nitazame tu. Mteja wa kwanza alisaga lishe. Alipomaliza, msagaji aliupigapiga ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga, akaukung'uta, akaufunga tena, na mteja wa pili akamwaga mahindi yake. Unga wa kwanza kutoka ulikuwa na rangi ya kahawia hafifu na ulinukia karanga waziwazi. Baada ya muda rangi ikarudi kuwa ya dona. Mteja yule aliondoka na debe lake akiamini kuwa amebeba mahindi matupu, na kwa watoto wake huenda halikuwa na neno, lakini kwa binti yangu ugali ule ungekuwa hatari.

Kuwahi alfajiri ili uwe wa kwanza hakutoshi, kwa kuwa mabaki ya jana yamo ndani ya mashine. Tafuta mashine ambayo haisagi karanga wala lishe kabisa, na umwombe mwenyewe akuhakikishie hivyo kwa kukueleza wateja wa lishe huwapeleka wapi. Mtu anayeijua kazi yake hujibu swali hilo bila kusita. Ukiikosa, nunua nafaka nzima, zichambue mwenyewe kwenye ungo ambao haujawahi kupepeta karanga, na usage kidogo kidogo kwa blenda ya nyumbani iliyotengwa kwa ajili ya mtoto. Ni kazi, na mwanzoni nililalamika sana. Sasa huwa ninaifanya Jumapili jioni kwa ajili ya juma zima.

Nguvu ambayo uji hupoteza karanga inapoondolewa ni lazima irudishwe na kitu kingine, la sivyo mtoto atashiba bila kunenepa. Sisi hutia dagaa waliokaushwa na kusagwa, kijiko cha mafuta ya kupikia, au parachichi lililopondwa uji ukishapoa. Kabla ya kuweka ufuta, korosho au lozi badala ya karanga, muulize daktari, kwa sababu si haba watoto wenye mzio wa karanga ambao hudhurika na hivyo pia.

Jikoni, kitu cha kwanza kutengwa ni kinu. Mti wa kinu una nyufa ndogo ambazo hunyonya mafuta ya karanga, na hakuna kuosha kutakakoyatoa. Kama kinu chako kimetwanga karanga kwa miaka, mpe ndugu na ununue kingine. Miiko ya mti, kibao cha kusukumia chapati na chungio la tui vifuate njia hiyohiyo. Vyombo vya chuma na vya kauri huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na hilo hutosha. Maji matupu hayatoshi, wala jeli ya kuua vijidudu, kwa kuwa jeli huua vijidudu lakini protini huiacha pale pale ilipo. Desturi yetu nzuri ya kumiminiana maji ya birika mikononi kabla ya kula nayo huhitaji kuongezewa sabuni, kabla na baada ya chakula, katika nyumba yenye mtoto wa namna hii.

Moto pia haukusaidii. Kukaanga hakuondoi mzio wa karanga, na kunaweza hata kuuongeza. Mafuta ya karai lililokaanga samaki au bajia hubeba protini zake hadi kwenye chipsi zinazofuata, na ndiyo maana mtoto anayedhurika na samaki anaweza kuumwa kwa chipsi kavu alizonunuliwa kibandani.

Mtu wa muhimu kuliko wote hapa ni yule anayepika mchana ukiwa kazini, awe dada wa kazi, shangazi au bibi. Usimpe amri pekee. Mketishe, mweleze kilichotokea, mwonyeshe picha za uvimbe, na mwache akuulize maswali. Dada anayetusaidia sasa ndiye aliyegundua kwamba mfuko tuliokuwa tukihifadhia ukwaju ulikuwa umefungashiwa karanga sokoni. Mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuunusa.

Jambo moja zaidi ambalo wazazi wengi hawaambiwi: chakula dawa cha pakiti wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali, kama vile Plumpy'Nut, hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mhudumu wa kliniki aambiwe habari ya mzio kabla pakiti haijafunguliwa.

Kuhusu bidhaa za dukani nitasema machache. Vyakula vinavyotengenezwa kwa ajili ya soko la Umoja wa Ulaya vimetakiwa tangu Desemba 2014 kuonyesha kwa maandishi yanayojitokeza vyakula 14 vinavyoleta mzio, na Marekani iliongeza ufuta kwenye orodha yake kuanzia Januari 2023. Biskuti zinazotoka nchi za Ghuba mara nyingi huandikwa kwa Kiarabu, ambamo karanga ni ful sudani. Soma pakiti kila unaponunua, hata ya biskuti uliyoizoea, kwa kuwa mtengenezaji hubadilisha viungo bila kukutangazia. Na kitu kilichofunguliwa na kufungashwa upya katika mfuko wa plastiki usimpe mtoto.

Sinia, sherehe na heshima ya wakubwa

Hakuna mahali ambapo mzazi hujisikia vibaya kama ugenini, kwa sababu kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekipika. Mama mkwe wangu aliamini kwa muda mrefu kwamba mtoto anadekezwa na kwamba angezoea kama angeonjeshwa kidogo kidogo. Nilipobishana naye sikufika popote. Kilichosaidia ni kumwendea peke yangu, nikamwamkia, nikamwambia: "Mama, nimekuja kukuomba unisaidie kumtunza mjukuu wako, kwa maana mimi peke yangu siwezi." Nikamweka simu mkononi ili aone picha ya siku ile, kisha nikamwachia kopo lenye dawa akae nalo yeye. Tangu alipokabidhiwa dawa, yeye ndiye anayewazuia wageni.

Kwenye futari, harusi au maulidi, mtoto apakuliwe katika sahani yake kabla mkono wa kwanza haujaingia kwenye sinia, na apakuliwe na mtu anayejua. Pilau na biriani ulizia kama vimetiwa korosho au lozi, na halua usiikisie kwa macho, kwa kuwa nyingi hutiwa njugu za aina mojawapo. Ninapoalikwa, humpigia mwenyeji simu siku moja kabla, nikamshukuru, nikamweleza, na kumwomba ruhusa ya kuja na bakuli la mtoto. Sijawahi kukataliwa. Siku ya Idi, watoto wanapozunguka nyumba kwa nyumba, binti yangu hupokea kila anachopewa kwa mikono miwili, hushukuru, na kukitia mfukoni bila kukila. Akirudi nyumbani hubadilishana nami kwa peremende ninazozijua.

Sentensi aliyojifunza akiwa na miaka minne ni hii: "Ahsante, bibi, karanga zinaniumiza, naomba nimuulize mama kwanza." Tuliirudia kama mchezo, mimi nikijifanya jirani, mwalimu au muuza kashata, hadi alipoweza kuisema bila kuinamisha kichwa.

Shuleni

Mkutano na mwalimu mkuu ni wa lazima, lakini anayeamua usalama wa mtoto ni mpishi wa uji wa saa nne. Omba kuingia jikoni, uone gunia la unga, na uulize limetoka wapi na mwiko upi unakoroga sufuria ipi. Kama uji wa shule una karanga, na mara nyingi unayo, mpe mtoto uji wake katika chupa ya chai na kikombe chenye rangi tofauti na vya wenzake, anywe akiwa ameketi na wenzake hao hao. Mtoto aliyetengwa peke yake kwenye kona ataonja uji wa rafiki yake siku moja ili afanane naye.

Mwalimu wa darasa, mwalimu wa zamu na, kwa shule ya bweni, matroni, kila mmoja awe na karatasi yenye picha ya mtoto, chakula kinachomdhuru, dalili, namba mbili za simu na hatua za kuchukua. Usimsahau mama anayeuza kashata na ubuyu nje ya geti. Nilimfuata, nikanunua ubuyu wa kutosha, nikamweleza. Siku hizi binti yangu akimkaribia na shilingi mia mbili, yeye mwenyewe humrudishia.

Dharura inapotokea

Mabaka na kuwashwa pekee, bila dalili nyingine, mpe dawa ya mzio aliyoandikiwa na umwangalie kwa karibu kwa saa kadhaa. Lakini mtoto akikohoa mfululizo, kifua kikipiga filimbi, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, akilegea, akipauka midomo, au akitapika mara kwa mara huku ngozi ikiumuka, hapo ni adrenalini, na ni sasa hivi. Vidonge vya Piriton hupunguza kuwashwa; havifungui njia ya hewa wala kupandisha shinikizo la damu. Maziwa, mkaa uliosagwa na kidole cha kumtapisha ni kupoteza dakika ambazo mtoto hana.

Adrenalini huchomwa katikati ya paja, upande wa nje, hata kupitia nguo nyepesi. Sindano za adrenalini zenye umbo la kalamu, zinazojichoma zenyewe, hazipatikani kwa urahisi katika maduka yetu ya dawa. Ndugu aliyeko Uingereza au Oman akikuletea, angalia tarehe ya mwisho na uthibitishe kipimo na daktari. Wengi wetu tutategemea kichupa cha miligramu 1 kwa mililita 1, ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo cha mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wake. Kama daktari ameridhia uwe nacho nyumbani, akufundishe kwa vitendo, akuandikie kipimo kwa mililita, na akupe bomba la mililita 1. Bomba la insulini lisitumike, kwa kuwa sindano yake ni fupi na alama zake zitakuchanganya. Kiweke mbali na mwanga na mahali pasipozidi nyuzi 25, kisiwe ndani ya friji wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Maji yakibadilika kuwa ya kahawia, kitupe.

Mlaze chali, miguu ikiwa juu ya mto. Akihema kwa shida mwache akae huku miguu imenyooshwa. Akitapika au akizimia mlaze kwa ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa hata akisema amepona, maana shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Kwa sababu hiyo bodaboda, ijapokuwa hufika haraka, ni usafiri mbaya kwake. Tafuta gari la jirani au bajaji ambamo anaweza kulazwa mapajani mwako. Kama dalili hazijapungua baada ya dakika 5 hadi 15, sindano ya pili huhitajika. Mtoto mwenye pumu apewe pampu yake baada ya sindano, isiwe kabla yake wala badala yake. Hospitalini ukubali kubaki kwa saa zote watakazotaka kumwangalia, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi baada ya kutulia.

Zahanati utakayokimbilia uijue mapema. Nenda siku mtoto akiwa mzima, uulize kama adrenalini ipo, iko kwenye kabati gani, na usiku nani ana ufunguo. Ile ya karibu nasi hufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo karatasi yetu ina majina mawili: la mchana na la usiku.

Karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na nakala yake imo kwenye begi la shule. Huiandika upya kila baada ya miezi sita, baada ya kumpima binti yangu uzito, kwa kuwa kipimo cha dawa hukua pamoja naye. Mwezi uliopita alifika kilo 20, nikafuta 0.18 iliyokuwepo na daktari akaandika mililita 0.2.